Wafu Wanaotembea na Bwana Aliyefufuka

Mwezi unapokuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa mwambao wa Tanganyika hupumzika. Dagaa hufuata mwanga gizani, na taa za wavuvi hazina nguvu mbele ya mbalamwezi. Nyavu huanikwa, mitumbwi huvutwa mchangani, na katika vijiji kama Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, mabanda ya video hujaa vijana. Wanatazama mpira, mapigano na mapenzi. Lakini kila anayewachunga vijana hawa anajua kwamba ipo aina moja ya filamu isiyochuja: ile ya wafu wanaotoka makaburini na kutembea.

Wazee wa kanisa hutuuliza sisi wachungaji: je, Mkristo atazame mambo haya? Ni swali la haki. Lakini chini yake liko swali jingine linalotangulia. Kwa nini mtu aliyechoka na kazi, mwenye fedha kidogo mfukoni, aitumie fedha hiyo kununua hofu? Na kwa nini hofu ya maiti anayetembea, kuliko hofu ya simba au ya jambazi? Tukilijibu hili vizuri, la wazee litapata jibu lake.

Filamu zisizozeeka

Waliouimarisha mtindo huu duniani ni Waitalia. Mwaka 1978 Mmarekani George Romero, akisaidiwa na Mwitalia Dario Argento, alitoa filamu ya wafu waliozingira duka kubwa. Italia iliuzwa kwa jina la Zombi. Mwaka uliofuata Lucio Fulci akatoa yake, akaiita Zombi 2, ingawa hadithi hizo mbili hazihusiani. Humo wafu wanaamka katika kisiwa cha Karibi, na mwisho wanaonekana wakivuka daraja la New York kwa miguu, polepole, kama watu wanaokwenda kazini. Mwaka 1980 Fulci akatoa nyingine, inayoanza na padri anayejinyonga makaburini. Kifo chake kinafungua malango ya kuzimu.

Kwa kipimo cha ufundi zina kasoro nyingi. Maneno hayaendani na midomo, na hadithi inarukaruka. Hata hivyo, zaidi ya miaka 40 imepita na watu wa mataifa mengi bado wanazitafuta, wanazisafisha na kuzitazama upya. Huku kwetu pia mbegu hiyo iliota. Watafsiri wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam waliwazoesha watu kusikia sinema za ng'ambo zikisimuliwa kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi akatengeneza filamu za kutisha za kwetu wenyewe, kama Nsyuka na Shumileta.

Kinachotisha katika filamu hizi ni kidogo kuliko damu yote inayomwagika. Maiti yule hana chuki na mtu. Hana hila, hana kisasi, hana hata jina. Jana alikuwa jirani au mke au daktari. Leo uso ni uleule, na ndani hakuna mtu. Anatembea na kula tu. Tena tukumbuke kwamba Fulci na wenzake walikulia katika nchi ya makanisa, ambako mtoto hufundishwa mapema kwamba makaburi yatafunguliwa. Katika filamu zao makaburi yanafunguka kweli, lakini hakuna anayeita. Ni ufufuo usio na Mungu. Nadhani zetu ni kwamba hiyo ndiyo hofu inayowarudisha watu kwenye viti, hata wasiosali.

Hofu ya kazi isiyokoma

Lakini mzizi wa zombi hauko Italia. Neno hilo liliingia katika sinema kutoka Haiti, nchi ya watu waliotolewa Afrika wakafanywa watumwa katika mashamba ya miwa. Filamu ya kwanza maarufu ya zombi, White Zombie ya mwaka 1932, inaonyesha kinu cha sukari kinachozungushwa na maiti. Mmoja anaanguka ndani ya kinu. Wenzake hawageuzi hata shingo, wanaendelea kuzungusha.

Picha ile inaeleza hofu ya watu wa Haiti vizuri kuliko maelezo mengi. Mtumwa aliweza kutumaini kwamba siku moja atakufa, na kwamba kifo kitamrudisha kwao. Zombi ni yule aliyenyang'anywa hata hilo. Amekufa, na bado zamu yake haijaisha.

Je, si msukule huyu? Kila mtoto wa Ilagala anajua hadithi. Mtu anaumwa ghafla, anakufa, anazikwa. Kumbe kilichozikwa ni mgomba. Mwenyewe amechukuliwa, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analima shamba la aliyemchukua. Kusini mwa nchi humwita ndondocha. Tofauti na wafu wa Fulci, msukule hamli mtu. Yeye ndiye anayeliwa, nguvu zake na siku zake.

Hatudai kujua hadithi hii ilianzia wapi. Ila tunajua ardhi inayosimuliwa juu yake. Ujiji iko kaskazini mwetu kwenye mwambao huuhuu. Livingstone na Stanley walipokutana pale mwaka 1871, mji ulikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Waliovushwa ziwa kutoka Manyema walipitishwa Ujiji, kisha Tabora, hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Nyumbani walikotoka waliliwa matanga bila maiti, na wakati wanaliliwa walikuwa hai, wanabeba mzigo wa mtu mwingine. Baadaye, wakati wa Waingereza, vijana wa Buha walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wapo waliorudi, na wapo ambao hawakuonekana tena.

Mtu aliyelilia ndugu yake namna hiyo hahitaji kufundishwa maana ya msukule. Hadithi inadumu kwa kuwa inasema kweli moja ambayo vitabu vyetu vya historia huipita haraka: inawezekana mwanadamu kutolewa utu wake, akabaki mwili unaofanya kazi.

"Hajafa, amechukuliwa"

Hata hivyo hadithi inayosema kweli kuhusu jana inaweza kusema uongo kuhusu leo, na hapa ndipo penye hatari. Ziwa letu lina dhoruba. Kijana huondoka jioni na taa zake, asubuhi unarudi mtumbwi mtupu, au haurudi kabisa. Mwili haupatikani. Siku ya tatu mtu mmoja ananong'ona matangani: huyu hajafa, amechukuliwa.

Neno hilo ni tamu kwa mama. Tumekaa na akina mama wa namna hii, na hatuwezi kuwalaumu. Akisema mwanawe ni msukule, anasema yuko hai mahali fulani, anaweza kurudi. Nani kati yetu angependa kumnyang'anya mzazi tumaini hilo? Wengine husema, mwacheni, linamsaidia kupumua.

Tungeliacha kama lingekuwa linasaidia. Lakini tumaini hili lina bei. Kwanza, linamzuia mama kuomboleza. Kila anayepita njiani usiku ni mwanawe. Kila mganga anayeahidi kumrudisha anaondoka na mbuzi au na fedha ya ada. Pili, na hili ni baya zaidi, tumaini hili linahitaji mwizi. Kama mwana amechukuliwa, yupo aliyemchukua, na kijiji hakikawii kumpata: bibi anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa miaka 60 ya kupikia kuni. Nchi yetu imezika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya minong'ono ya namna hii. Hakuna msukule hata mmoja aliyerudi nyumbani kwa vifo vyao.

Wapo pia wahubiri wanaotangaza kwamba wanawarudisha misukule kwa maombi. Hatubishani juu ya uwezo wa Mungu, anaweza yote. Tunauliza jambo moja tu: mkutano ukishafungwa na vipaza sauti vikashushwa, ni nani kijijini amebaki akiitwa mchawi? Injili isiyoweza kulijibu swali hilo bado haijamfikia yule bibi.

Je, sisi hatuhubiri jambo hilohilo?

Kijana mwenye akili atatuuliza: mnatukataza misukule, lakini nanyi kila Pasaka mnahubiri kwamba maiti alitoka kaburini akatembea. Tofauti ni nini?

Swali hili lisikemewe. Wanafunzi wenyewe walikuwa nalo. Katika Luka 24, Bwana aliposimama katikati yao walishtuka, wakadhani wanaona roho. Naye hakuwakemea kwa kuogopa. Aliwaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akala samaki mbele yao.

Tazama basi tofauti. Msukule hana jina. Lazaro aliitwa kwa jina lake, na Mariamu alimtambua Bwana pale aliposikia jina lake likitajwa (Yohana 11 na 20). Msukule amefungwa, Lazaro alipotoka, neno lililofuata lilikuwa amri kwamba afunguliwe na aachwe aende. Yesu hakumfufua ili amlimie. Msukule hana kumbukumbu. Aliyefufuka ana makovu ya misumari, yaani historia yake yote iko mwilini mwake na haikufutwa.

Na tofauti kubwa kwa watu wa ziwani iko katika Yohana 21. Wavuvi wamekesha bila kupata kitu. Kunapopambazuka wanamkuta ufukoni aliyekuwa mfu, ana moto wa makaa, samaki na mkate, anawaita waje wale. Maiti wa filamu anakula watu. Msukule analiwa na mtu. Aliyefufuka anawalisha watu. Kwa alama hiyo tunaweza kupima kila habari ya ufufuo tunayoletewa: je, kuna anayelishwa na kufunguliwa, au kuna anayeliwa na kufungwa?

Msukule wa leo

Mtume Paulo anawaambia Waefeso katika sura ya pili kwamba zamani walikuwa wafu kwa sababu ya dhambi, na kwamba katika dhambi hizo walikuwa wakienenda. Wafu, nao wanaenenda. Paulo hakuhitaji sinema. Alimwona mtu anayekula, anayefanya biashara, anayesalimia majirani, na ndani yake uhai wa Mungu haumo.

Ndiyo maana Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anafundisha kwamba maana ya ubatizo haiishi siku ile ya maji. Kila siku mtu wa kale huzamishwa kwa toba, na kila siku mtu mpya hufufuliwa. Tukitaka kumjua maiti anayetembea, tusianze na nyumba ya bibi. Tuanze na sisi wenyewe, na kile ambacho mtu wetu wa kale anawafanyia wengine.

Kwa maana misukule wapo, ndugu msomaji, na wanaowafuga wanajulikana. Binti aliyetolewa kijijini Kigoma kwa ahadi ya shule, akafungiwa jikoni mjini, haitwi jina lake, analala wa mwisho na kuamka wa kwanza, mshahara "anatunziwa": huyo amekatwa ulimi. Kijana aliyechukuliwa kwenda kwenye mashamba ya tumbaku, ambaye msimu ukiisha anaambiwa chakula chake kimemaliza malipo yake: huyo analishwa pumba. Mvuvi ambaye deni lake kwa mwenye chombo linakua kila mwezi hata samaki wakiwa wengi: huyo anazungusha kinu. Na mara nyingi anayewafuga ana kadi ya ahadi kanisani na kiti cha mbele.

Basi, je, Mkristo atazame filamu za wafu? Watoto wadogo wasizitazame. Usingizi wao ni amana yetu. Vijana na watu wazima hatuwawekei sheria, tunawaomba watazame kama watu waliobatizwa. Mchungaji au mzee wa kanisa asione aibu kukaa nao na kuwauliza: yule mfu alikuwa nani kabla? Nani anafaidika na kutembea kwake? Nani angemwita kwa jina? Kijana anayejiuliza hayo ameanza kusoma Ezekieli 37 bila kujua, na tunaweza kumfungulia ukurasa.

Nasi tuliopewa makanisa ya mwambao huu tuna kazi tatu ambazo hakuna filamu itakayotufanyia. Aliyezama na asipatikane, tumfanyie ibada kamili ufukoni, jina lake litajwe lote, mama yake asimame na kulia mbele za Mungu, aambiwe bila kuficha kwamba mwanawe amekufa, na kwamba yuko mikononi mwa Bwana ambaye bahari nayo itamrudishia wafu wake. Minong'ono ikianza, twende siku ileile kwa yule bibi, tuketi uani kwake watu wakituona. Na tukiwa na mtu anayetufanyia kazi, tumwite kwa jina, tumlipe kabla ya jua kuzama, na tumwache aende kwao kusalimia.