Toeni Vyombo Nje

Ndugu zangu, fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 14, ile sehemu ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu inahusu ukoma wa kuta na si ukoma wa watu. Mwenye nyumba anaona madoa ya kijani na mekundu yanaula ukuta wake. Hafichi. Hapaki chokaa juu ili wageni wasione. Anakwenda kwa kuhani kwa miguu yake, anasema naona kuna kitu nyumbani kwangu. Na kuhani, kabla hajavuka kizingiti, anaamuru nyumba itolewe vitu vyote. Mkeka, chungu, kitanda, vyote viwe uani! Ndipo aingie atazame.

Nami nimekuja na amri hiyohiyo: toeni vyombo nje. Sizungumzii mapepo. Mapepo mmeyakemea sana, na mengine hayakuwahi hata kufika kwenu. Nazungumzia vitu tulivyonunua kwa fedha zetu halali, tukavisogeza karibu na kitanda cha mtoto kwa sababu tunampenda.

Tuanze na jiko la mkaa. Watu wa Njombe, Makete, Lushoto na Limuru mtanielewa. Mwezi wa saba baridi ya kwenu haibishi hodi. Mama amejifungua, yumo ndani ya arobaini, mtoto hajafika kilo nne. Bibi anawasha jiko uani. Anapepea, anangoja moshi uishe, makaa yaive yawe mekundu. Sasa limekuwa safi, anasema. Analiingiza chumbani, anafunga dirisha, anaziba chini ya mlango kwa khanga kuukuu. Msimwite mzembe bibi huyu. Anaujua ubaya wa moshi, ndiyo maana alingoja. Hakuna aliyemwambia kwamba makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyomkohoza mtu. Inaingia kwenye damu, inakalia kiti cha oksijeni na haipishi. Kichwa kinakuwa kizito, usingizi unakuwa mtamu, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Halafu tunasema wamelogwa!

Hawakulogwa. Jiko lilale nje, hata likiwa limebaki na kaa moja. Mtoto apashwe joto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, blanketi juu, kama wakunga wanavyofanya kwa watoto njiti.

Na nani alitufundisha kuwashia mkaa kwa kipande cha ndala? Au kwa chupa ya plastiki iliyochanwa? Moto unashika haraka, sikatai, lakini ule moshi mweusi unaonata kooni mtoto anauvuta akiwa mgongoni mwa mama, pua yake juu ya bega, usawa wa jiko kila mama anapoinama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtaniambia gesi ni ghali. Ni kweli, na wanaopanga bei za gesi nao wanahitaji mahubiri yao. Lakini kutoa jiko nje ya chumba ni shilingi ngapi? Kuwashia vijiti vikavu ni shilingi ngapi?

Sasa chupa. Hapa navua joho, nasimama upande wa mwenye nyumba. Mafuta ya taa kwangu yalikaa kwenye chupa ya soda, sakafuni, nyuma ya mlango wa jikoni. Mtoto wa dada yangu, miaka miwili, alitoka kucheza juani akiwa na kiu. Alipiga mafunda mawili akaanza kukohoa. Nyumba nzima ikapiga kelele: maziwa! mtapisheni! Nami, mtu mzima niliyesoma, nikamtia kidole kooni. Ndugu zangu, mafuta ya taa huua yakiingia mapafuni, na kutapika huweza kuyapeleka huko. Alilala siku nne kwenye oksijeni, akapona. Chupa ile sikuweza kumsingizia mtu. Niliijaza mimi.

Basi sikieni: aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, asipewe maziwa, akimbizwe hospitali, na chupa iende naye daktari aione. Na ile dawa ya kunguni ya kupimiwa, inayouzwa kwenye kichupa kisicho na jina, msiinunue. Kinachoitwa dawa ya kunguni mara nyingi ni sumu ya shambani. Unanyunyizia godoro asubuhi, usiku mtoto anaweka shavu palepale. Anikeni godoro juani, mwageni maji ya moto kwenye maungio ya kitanda.

Akina mama wa pwani, mtaniwia radhi kwa hili la wanja. Mtoto wa wiki moja anachorwa nyusi, anatiwa wanja wa manga machoni ili kijicho kisimpate. Upo wanja uliosagwa kutoka kwenye jiwe la risasi, na kwa macho huwezi kuutofautisha na mwingine. Lugha yetu imeona mbali: risasi ya bunduki na risasi ya madini tumezipa jina moja. Mtoto anapikicha jicho, anapeleka kidole mdomoni. Tumbo lake linanyonya risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Miaka saba baadaye mwalimu anamwita mzito wa kichwa, anamchapa.

Risasi hiyohiyo imo kwenye rangi nyingi kuukuu za kuta na madirisha. Kumbukeni Walawi: kilichokwanguliwa ukutani kilimwagwa nje ya mji, mahali pachafu. Sisi tunapiga msasa chumba cha mtoto kikavu, vumbi linafagiliwa hadi barazani, na barazani ndipo anapotambaa. Mkilazimika kukwangua, lowesheni kwanza, mtoto na mjamzito wahame, na sakafu ipigwe deki badala ya ufagio mkavu. Fundi wa betri avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mwanawe. Kule Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mtoto wake mchanga, aliyekuwa akinyonya, alipougua na kupimwa, akakutwa na risasi kwenye damu. Mama huyo aliinuka akapambana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Vile vidonge vyeupe vya nafthalini visikae kabisa na nguo za mtoto. Katika nchi zetu za malaria wako watoto wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na harufu ile kabatini inaweza kuvunjavunja chembe zao za damu, macho yakawa manjano.

Sumu huingia pia kwa soli za viatu. Wazee wetu walivua viatu mlangoni. Tuliwaona washamba, tukaingia na matope ya gereji hadi kwenye zulia. Warudishieni heshima yao.

Mwenye nyumba wa Walawi hakungoja kuhani ampigie hodi. Nawe usingoje. Weka maandishi haya chini, washa taa ya simu, piga magoti, mulika uvunguni mwa kitanda anacholalia mtoto. Kile kichupa kisicho na jina, kilichozibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, kiko upande wa ukutani.