Maradhi ya kujitakia?

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini ziko ziara, ndugu msomaji, ambazo afadhali mtu angebaki nyumbani kwake. Hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, tulikwenda watu watano hapa Mukendo, mjini Musoma, kumjulia hali mzee mmoja fundi cherehani aliyekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya kisukari. Tulimwombea dua, tukaletewa chai. Kisha mwenzetu mmoja akautazama ule mguu uliofungwa bendeji, akasema mbele ya mke wa mgonjwa: "Mzee wetu naye soda zilimzidi. Haya ni maradhi ya kujitakia." Hakuna aliyemkemea. Nami nilinyamaza.

Kwamba mienendo yetu huleta maradhi, hilo halina ubishi. Mwili ni amana na tutaulizwa juu yake. Mtu ambaye baba yake alitembea kwa miguu kwenda ziwani na shambani, leo anapanda bodaboda kutoka mlangoni hadi sokoni. Ugali wa mtama na dagaa umeipisha chipsi mayai. Na sisi tunaofunga mwezi mzima, adhana ya Magharibi ikisikika tunakula kana kwamba tunalipiza kisasi. Kisukari cha ukubwani, presha na maradhi ya moyo hupata njia humo.

Lakini kusema kwamba mwenendo huchangia maradhi ni jambo moja, na kusema kwamba huyu hapa amejitakia ni jambo jingine kabisa. Watu wawili hula chungu kimoja miaka ishirini, mmoja akaugua na mwingine akabaki mzima. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama kwake si mbali na hapa, alijulikana kwa maisha yasiyo na makuu, naye alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Nani atathubutu kusema alijitakia?

Tiba mpya zimezidi kuwaumbua wanaotoa hukumu hizi. Ipo sindano iitwayo Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari. Mwaka 2021 dawa hiyo hiyo ikaidhinishwa kwa jina la Wegovy kupunguza uzito. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Inaiga homoni ya utumbo inayoupa ubongo habari kwamba mtu ameshiba. Wengi wanaoitumia husimulia kwamba yale mawazo ya chakula yaliyokuwa yakiwaandama mchana kutwa yamenyamaza. Wakiiacha, njaa hurudi, na sehemu kubwa ya uzito nayo hurudi.

Tafakari maana yake. Yule tuliyemwita mlafi huenda alikuwa akipambana kila siku na njaa ambayo mimi na wewe hatujawahi kuionja. Tulijisifu kwa subira, kumbe wengine wetu tulipewa tu shibe ya haraka.

Wapo watakaosema: basi hakuna tena wajibu, kila mtu ale apendavyo asubiri sindano. Sivyo. Mwaka 2017 matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza yalionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani waliopunguza chakula kwa kiwango kikali, chini ya uangalizi, sukari yao ilishuka chini ya kiwango cha ugonjwa ndani ya mwaka mmoja bila dawa. Kwa hiyo hiari ya mtu ina nguvu. Ila angalia ilivyopewa nafasi: walipewa mlo maalumu, wauguzi au wataalamu wa lishe wakawafuatilia mwaka mzima. Hawakuachiwa maneno ya barazani.

Na maneno hayo yana madhara. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, ng'ambo ya Serengeti, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, dawa ya mti iliyosemwa inatibu kisukari, UKIMWI, saratani na presha. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tuliwacheka kwa ujinga. Nadhani tulikosea. Mgonjwa anayesimangwa kila akila huvutiwa na tiba ya mara moja, inayofuta maradhi na aibu kwa pamoja. Kliniki inamtaka arudi kila mwezi, na kila mwezi jirani anamwona.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule fundi, peke yangu. Aliniambia aligundulika miaka minne iliyopita. Kadi ya kliniki aliificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, wateja wasije wakaiona. Siku nyingine aliruka miadi kwa kuwa mtu anayemfahamu alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria. Mguu ulipoanza kufa ganzi alinyamaza, na kidonda kilipotoka alikifunika kwa soksi.

Nilimwomba radhi kwa kunyamaza kwangu siku ile. Akasema yamepita, kisha akauliza kama ningeweza kumsindikiza kliniki Jumatatu, maana akipanda bodaboda kidonda kinatoneshwa. Tutakodi bajaji.