Adabu ya Kimya

Adabu ni lugha isiyoandikwa katika kamusi. Kila taifa lina lugha yake ya adabu, na mtu huizungumza tangu utotoni bila ya kujua kwamba anaizungumza. Taabu huanza afikapo ugenini, kwa kuwa huko huipima adabu ya wenyeji kwa mizani ya kwao. Swali tutakalo kulipima hapa ni hili: je, mtu anyamazaye mbele ya mwenzake amemvunjia heshima, au yamkini amemheshimu kwa njia nyingine?

Tutazame Ufini, nchi ya misitu na maziwa iliyo kaskazini mwa Ulaya, yenye watu zaidi ya 5,500,000. Mkenya afikaye huko hushangazwa kwanza na kimya. Katika kituo cha basi watu husimama mbalimbali, kila mmoja na nafasi yake. Ndani ya basi, abiria hutafuta kiti kisicho na jirani. Wakazi wa jengo moja hupishana katika ngazi kwa neno moja fupi, na pengine bila ya neno. Kwetu, kijana ampitaye mzee bila ya kumwamkia huulizwa ni mtoto wa nani, na aibu huwafikia wazazi wake. Basi mgeni huyu huamua upesi kwamba Wafini wana kiburi.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Wahenga walinena: Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Tuyaangalie matendo. Katika Ufini mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, ana haki ya kutembea katika msitu wa mwingine, na kuchuma matunda ya porini na uyoga bila ya kuomba ruhusa, maadamu haharibu kitu wala hausogelei ua wa nyumba. Mwenye msitu huenda asimwamkie mpita njia, lakini hamfukuzi. Kadhalika iko desturi iitwayo talkoot, yaani kazi ya pamoja isiyo na ujira. Majirani hukusanyika wakafagia majani uani au wakamsaidia mmoja wao kujenga, kisha wakala na kunywa kahawa pamoja. Sisi tuliokua katika harambee hatuhitaji mkalimani wa jambo hilo.

Tena iko sauna, chumba cha mbao chenye mawe ya moto yanayomwagiwa maji ili yatoe mvuke. Zimo sauna zipatazo milioni tatu katika nchi hiyo, na mwaka 2020 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Humo watu huketi bila ya nguo na bila ya vyeo. Mwaka 1960 Rais Urho Kekkonen alimkaribisha saunani hata Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti. Kualikwa humo ni kuaminiwa. Watu waweza kuketi kimya kwa muda mrefu, wala hapana adhaniye kwamba amedharauliwa. Kimya chao kina maana: wakati wako ni mali yako, nami sitauchukua bila ya hoja.

Je, kwa hiyo salamu zetu ndefu ni bure? La. Salamu ni mlango wa moyo. Lakini tujiulize kwa haki: tukijibu “sijambo”, twasema kwamba hatuna jambo. Ni mara ngapi neno hilo limetamkwa na mgonjwa wa homa, au na mama asiye na unga nyumbani, naye aliyeuliza akaenda zake ameridhika? Abishaye hodi kisha asingoje kukaribishwa hakuzuru nyumba.

Kimya nacho kina hatari yake. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Helsinki hufupika hata kuwa chini ya saa sita. Mzee akaaye peke yake katika jengo la ghorofa, wakati wa giza hilo, aweza kupitisha siku nyingi bila ya mtu wa kumjulia hali, kwa sababu kila jirani anachelea kumsumbua. Hapo heshima imegeuka upweke, na mwenye kuheshimiwa ndiye anayeumia.

Basi maneno na kimya vyote ni vyombo, na chombo husifiwa kwa kazi yake. Adabu ya kweli, iwe ya Nairobi au ya Helsinki, ni ile imwonayo mwenzako na haja yake. Kijana msomaji, ukifika ugenini ukakuta watu wamenyamaza, uliza maana ya kimya chao kabla ya kuwahukumu. Na ukiwa kwenu, ukimwuliza mtu hali yake, simama usikie jibu.