Hesabu ya Pumzi



Ikiwa daktari anaweza kujua mapema kwamba oksijeni haitamtosha mgonjwa wa nimonia kali, ujuzi huo tuupokee namna gani? Wako wasemao kwamba kubashiri hivyo ni kuingilia kazi ya Mungu. Wengine huamini hesabu mno, wakaanza kunong'onezana habari za sanda mgonjwa angali anapumua.

Tuitazame kwanza hesabu yenyewe. Mgonjwa akipewa oksijeni puani kwa mashine inayoweza kupeleka hata lita 60 kwa dakika, huangaliwa mambo matatu: oksijeni iliyomo katika damu, isomwayo kwa kipimo cha kidoleni, sehemu ya oksijeni katika hewa anayovuta, na mara anazopumua kwa dakika. La kwanza hugawanywa kwa la pili, na jawabu kwa la tatu. Mathalani, mwenye 92 kidoleni, anayevuta hewa yenye oksijeni sehemu 0.6 na kupumua mara 30, hupata 5.1 hivi. Mwaka 2019 Oriol Roca wa Barcelona na wenzake walitangaza kwamba mwenye 4.88 au zaidi, akipimwa baada ya saa 2, 6 au 12, ana hatari ndogo ya kuhitaji kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Angalieni neno hilo. Hesabu haisemi nani atakufa. Yasema nani huenda akahitaji msaada mkubwa zaidi, ili asicheleweshwe mpaka amechoka kabisa. Basi namba ndogo ni kengele ya kuwaita wauguzi waje mbio, wala si ruhusa ya kuondoka kitandani. Tena imetokana na wagonjwa wengi pamoja. Huyu mmoja aliyelala hapa haimjui.

Ugumu huja pale ambapo msaada huo mkubwa haupo, na mitungi michache yagawanywa kwa wengi. Kengele yalia, nani aitike? Kwa maoni yangu si dhambi daktari akichagua pa kuanzia, maana kutochagua nako ni kuchagua. Dhambi ni kumpendelea mtu kwa mali yake au kwa kujuana, kisha kuisingizia hesabu. Wala tusimtwike daktari mzigo wote. Upungufu wa mitungi ni shauri la wapangao fedha, na sisi tunaochangia kila mwaka mabati mapya ya kanisa tumo.

Je, mgonjwa aambiwe? Mfalme Hezekia hakufichwa. Isaya alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa kuwa angekufa. Akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15. Na hata baada ya ahadi hiyo nabii aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Sijui kwa nini twapenda kuzisahau zile tini.

Kwa hiyo jamaa waambiwe kweli, na waambiwe yote: hali ni nzito, tunahofu, kazi ingali yaendelea. Hapo mgonjwa atapata nafasi ya kumwita kasisi, kupatana na nduguye, kusema na watoto. Nanyi akina mama mwendao kutazama wagonjwa kila juma, msimwulize muuguzi habari za namba mbele ya kitanda. Aliye mahututi mara nyingi asikia.