Kabla Fundi Hajapiga Windows Upya



Wiki hii naomba tusome sura ya 36 ya Yeremia. Nabii alitamka, Baruku akaandika kwa wino kwenye gombo, na gombo likasomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu akiwa anaota moto katika nyumba yake ya majira ya baridi. Kila mara msomaji, aliyeitwa Yehudi, alipomaliza safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu akazitupa motoni. Maofisa watatu walimsihi asichome. Hakuwasikiliza, na gombo likateketea lote.

Baadaye Baruku aliandika yote upya, na maneno mengine mengi ya namna ile yakaongezwa. Iliwezekana kwa sababu Yeremia alikuwa hai na Mungu alikuwa akisema naye. Kwetu sisi, katibu wa kwaya aliyechapa nota za miaka kumi huenda alishahamia Geita kutafuta maisha, na mhazini aliyejua nani alichangia nini kwenye msiba gani huenda tumeshamzika. Yaliyofutwa hayana tena wa kuyatamka.

Nasema haya kwa sababu ni msimu wa kupiga Windows upya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma za kawaida za Windows 10, na wengi mmeambiwa na mafundi kwamba mashine zenu zinahitaji mfumo mpya. Nyingine zimejaa virusi, nyingine zimekuwa nzito. Ushauri wenyewe mara nyingi ni mzuri, na wala simlaumu fundi.

Ila keti naye mezani, hapa hapa Kambarage, utazame kioo anachokiona yeye. Amechomeka flashi, ameiwasha kompyuta, na mbele yake kuna orodha fupi: diski 0 sehemu ya 1, sehemu ya 2, sehemu ya 3, kila moja na ukubwa wake kwa gigabaiti. Basi. Hakuna jina la mtu pale. Picha za ubarikio wa mwanao hazionekani, wala majina ya jumuiya, wala rasimu ya wosia wa baba. Anachagua sehemu, anabonyeza kufomati, anaendelea. Yehoyakimu alilisikia kila neno kabla ya kulitupa motoni. Fundi hasikii chochote, kwa sababu mwenye kompyuta hakumwambia.

Na vilivyomo humo ni vya wengi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo, na yatunzwe kwa uangalifu. Siku hizi makatibu wengi huanza kwenye kompyuta. Kikundi cha wachimbaji wadogo kule Mwakitolyo kina orodha ya wanachama, mgawo wa kila duara, yaani shimo la kuchimbia, na barua za leseni kutoka Tume ya Madini. Pengine vyote viko kwenye laptopu moja ya katibu. Likifutika faili la mgawo, anayeumia zaidi ni yule kijana aliyeshuka shimoni na hana karatasi yoyote mkononi. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azikinge zisipotee na zisionwe na wasiohusika.

Barua pepe ndizo zinazosahaulika kuliko vyote. Anayesoma Gmail kwenye intaneti barua zake ziko kwenye seva, hazifi na kompyuta. Lakini je, anaikumbuka nywila, au kompyuta ndiyo iliyokuwa ikimkumbukia? Na ile laini ya simu inayopokea namba ya uthibitisho bado ni yake? Anayetumia Outlook au Thunderbird ana hatari nyingine: programu ikiwa imepangwa kwa njia ya POP, huenda barua zimeshushwa zote kwenye mashine na kuondolewa kwenye seva. Thunderbird huziweka ndani ya folda iitwayo AppData, ambayo Windows huificha. Outlook huziweka kwenye faili la PST. Fundi akinakili picha na nyaraka za deskitopu peke yake, miaka yote ya mawasiliano imekwenda.

Yeremia huyu huyu, katika sura ya 32, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha huku Wababeli wameuzingira mji na yeye mwenyewe yuko kifungoni. Hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na alimwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Jeshi la adui lilikuwa nje ya ukuta, naye akawaza juu ya karatasi. Kwangu hiyo ni imani kamili. Na vyombo vya namna hiyo hutunza kweli: magombo yaliyoanza kuonekana kwenye mapango ya Qumran mwaka 1947 yalikaa karibu miaka 2,000, na mengine yalikuwa ndani ya mitungi.

Basi nakala ziwe mbili, moja kwenye hadidiski ya nje na nyingine isiyokaa nyumba moja na kompyuta. Kuona majina ya faili tu hakutoshi. Fungua faili moja la zamani kwenye mashine nyingine, ulisome. Sehemu ya D ya diski ile ile si akiba, maana kidole kikikosea nayo inafutwa. Diski za SSD hazitoi nafasi kubwa ya kurudisha kilichopotea. Na hadidiski yenye siri za watu usimwachie fundi usiku kucha.

Viongozi wa jumuiya na vikundi ambao kompyuta zao zinasubiri fundi, njoni na hadidiski zenu baada ya misa ya Jumapili. Vijana wanaoijua kazi hii watakaa nanyi hadi faili la mwisho lifunguke.