Gari la Waya

Mwezi wa Julai mwaka 2017, vijana wa Kenya walikuwa miongoni mwa timu za mataifa zaidi ya 150 zilizokutana Washington, Marekani, kushindanisha roboti. Na shirika la mashindano ya roboti la FIRST, aliloliasisi mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, lina desturi moja adhimu ambayo mimi naipenda kuliko mashindano yenyewe, nayo ni kwamba katika ligi yake ya shule za sekondari tuzo ya heshima kubwa kabisa haipewi roboti yenye nguvu, hupewa timu iliyowafaa watu wake.

Nasi tunaye wa kumfaa: hapa Kiwanjani, jirani na uwanja wa ndege wa Isiolo, mtoto aliyekunja waya, akautia magurudumu ya vifuniko vya chupa, akalisukuma gari lake vumbini, amekwisha kufahamu ekseli na usukani. Alichokosa ni mtu wa kuketi naye, amwonyeshe jinsi betri ndogo na mota ya redio kaseti mbovu zinavyoweza kulitia uhai.

Basi, enyi walimu na wanafunzi wenye vilabu vya roboti, Jumamosi hii fungueni lango la shule, mumwite aingie na gari lake.