Ufa Chini ya Rangi

Karakana yetu pale Njinjo ilikuwa chini ya mwembe, kando ya barabara inayotoka Nangurukuru kwenda Liwale. Mimi nilikuwa msaidizi tu: kushika chuma, kukata kwa msumeno, kusugua kutu. Siku moja kijana wa bodaboda alileta pikipiki yenye ufa kwenye fremu, chini ya kiti, mwembamba kama unywele.

“Fundi, pitisha moto juu juu, kisha piga rangi. Nina abiria wa Nangurukuru, mama mmoja na gunia lake la ufuta.”

Fundi akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Kisha akawasha grenda, akaupanua ufa wenyewe.

“Kaka, mbona unazidi kuniharibia?”

Chuma hakigundishwi kama karatasi. Moto wa kuchomelea huyeyusha kingo zote mbili, kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi, zichanganyike na kupoa zikiwa kitu kimoja. Ukipitisha moto juu juu, ngozi hushikana, ufa hubaki chini yake, na kila shimo la barabarani huufungua zaidi. Methali inatuhimiza tuzibe ufa. Haisemi kwamba wakati mwingine lazima kwanza uuongeze.

Moyoni nilikuwa upande wa kijana. Pikipiki yake, hela yake, shingo yake. Mtu mzima akishaelezwa hatari na bado akachagua kazi ya haraka, fundi ni nani amkatalie? Tena akikataa, fundi wa jirani atapiga rangi na kuichukua hela hiyo.

Lakini yule mama hakuwepo kwenye mapatano. Kijana anaweza kucheza na usalama wake. Wa mama si wake. Na rangi ingemwambia mama, asiyejua chuma, kwamba pale ni pazima. Makubaliano ya wawili hayahalalishi madhara ya wa tatu.

Haki hiyo ilikuwa na gharama. Kijana alikosa nauli, na fundi alimaliza vijiti vingi vya kuchomelea kwa bei ileile ya mwanzo. Mama alichoka kungoja, akapanda pikipiki nyingine, akatupita na gunia lake bila kutugeukia.

Niliitazama fremu ya pikipiki iliyombeba. Ilikuwa na rangi mpya.